Padri Mitrofan wa Qikertaq na Jina la Mwanawe

Alizaliwa kambini, si kijijini, na sisi watu wa Qikertaq, kijiji cha kaskazini kwenye barafu, hatuchoki kulisema hilo. Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1911, samoni wakubwa wameanza kupanda mto Kuskokwim, na mama yake, Akulina, alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao akipasua samaki uchungu ulipomshika. Aliweka kisu chini, akaingia hemani, akajifungua mtoto wa kiume, na wanawake waliokuwapo walisema kwamba kabla jua halijazunguka upande wa pili alikuwa amerudi kwenye ubao wake, maana samaki hawamngojei mzazi. Baba yake, Zakar, alikuwa mwindaji wa sili, wale wanyama wanene wa bahari ya barafu, na mwimbaji wa kanisa, mtu wa maneno machache na sauti kubwa. Mtoto akapewa jina la nyumbani, Anguyaluk, na mwaka uliofuata padri wa kupita alipofika kwa sledi, gari la kuteleza thelujini linalovutwa na mbwa, akambatiza Mitrofan. Kwa hiyo mtu huyu wa Mungu alinusa moshi wa samaki kabla hajanusa ubani, na hadi anafariki hakuona sababu ya kutenganisha harufu hizo mbili.

Kusoma alifundishwa na baba yake, kwa kitabu kimoja cha Zaburi ambacho kurasa zake zilikuwa na madoa ya mafuta ya sili. Kuwinda pia alifundishwa na huyohuyo. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa anaijua barafu ya baharini kama mtu anavyoujua uso wa mama yake: wapi imenuna, wapi inacheka kwa uongo. Mwaka 1933 alimwoa Evdokia, binti wa nyumba ya jirani, fundi wa kushona viatu vya ngozi ambavyo havikuingiza tone la maji, na mwenye ulimi mkali kama sindano yake. Mwaka 1936 Mungu aliwapa Nikifor, na mwaka 1940 Parascovia. Wengine wawili walizikwa wachanga, nao waliwaombea kwa majina kila jioni.

Wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti kutoka mawinguni. Majira ya kuchipua ya mwaka 1938, padri mpya kutoka mbali alikuja kutembelea Qikertaq, akapiga kengele Jumapili asubuhi, akakuta kanisani vikongwe wanne na Mitrofan, ambaye wakati huo alikuwa msomaji wa kanisa. Padri akakasirika. "Kondoo wangu wako wapi?" Mitrofan akajibu, "Wako kwenye sili, Baba." "Hata Jumapili?" "Sili hana Jumapili, Baba. Asipokamatwa sasa, watoto watakula nini mwezi wa kwanza? Lakini Mungu yuko kule pia, au mimi ndiye nimesoma vibaya?" Yule padri alijitahidi kubaki na hasira yake, akashindwa, akacheka. Kesho yake aliondoka akiwa amemwachia ikona, picha takatifu ndogo ya Mama wa Mungu, yenye ukubwa wa kiganja, na neno moja: "Basi mpeleke huko waliko." Mitrofan akaifunga ikona kwenye mfuko wa ngozi, akafunga mbwa kwenye sledi, akaondoka. Kwa miaka arobaini hakupumzika.

Watu wa mahali pengine wanapenda kusema kwamba injili ilitufikia kwa meli na kwa vitabu. Na waseme. Kwetu ilizunguka kwa mbwa saba na mtumbwi wa ngozi, ikalala kwenye mahema, ikala tulichokula. Kanuni ya Mitrofan ilikuwa hii: mikono kwanza, midomo baadaye. Akifika kambi yoyote hakuuliza nani hajasali. Aliuliza wavu upi umechanika. Angevuta nyavu, angesimamisha vichanja vya kukaushia samaki vilivyoangushwa na upepo, angemkatia kuni mjane, na mikono yote ilipokwisha kunuka samaki, yake na ya wenzake, ndipo ikona ilipotoka mfukoni. Kulikuwa na bibi mmoja, Matrona, asiyeogopa kasisi wala dubu, aliyemkaribisha kila mara kwa kejeli: "Haya, msomaji, umekuja kusali au kunusa sufuria?" Naye alimjibu, "Vyote viwili, bibi. Ila tuanze na sufuria, nisije nikasali kwa haraka." Kambi nzima ilikuwa ikicheka, na baada ya kucheka hakuna aliyekimbia sala. Matrona mwenyewe, ambaye hakuwa amekomunika kwa miaka ishirini, hatimaye, Mitrofan alipokwisha kuwa padri, alikomunika kambini, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, machozi yakimtoka, akimwambia kila mtu kwamba ni moshi.

Mwaka 1949 askofu alimwita, akamfanya shemasi, na wiki ileile padri. Yasemekana alipoulizwa shule gani alisomea, alitaja majina ya kambi kumi na moja, moja baada ya moja, kwa mpangilio wa mto. Askofu akainamisha kichwa, akamwekea mikono.

Sasa tufike kwenye jaribu lake, ambalo pasipo hilo angekuwa mtu mwema tu, na watu wema hatukosi. Nikifor alikua akawa mwindaji mzuri kuliko baba yake, na baba alilisema hilo mwenyewe bila wivu. Jina lake la nyumbani lilikuwa Nayamin. Rafiki yake wa damu alikuwa Gavrila, mtoto wa kaka yake Evdokia, mdogo kwake kwa miaka sita. Kwetu watoto wa ndugu wa namna hiyo ni watani: ni haki yao kusutana, kuaibishana kwenye bafu la mvuke mbele ya wanaume wote, kuibiana kofia, na mwiko kukasirika. Nikifor na Gavrila walikuwa watani kweli kweli. Majira yale ya baridi Nikifor alikuwa amepata wimbo mpya wa kumchapa nao mwenzake, kwa kuwa Gavrila alikuwa ameoa karibuni na mkewe, Agrafena, ana mimba: "Gavrila akiona kiwingu, anakimbilia kwa mkewe!" Watu walikufa kwa kicheko. Gavrila naye alicheka, kwa nje.

Wiki ya pili baada ya Pasaka ya mwaka 1961 wawili hao walitoka kwenda kuwinda kwenye ukingo wa barafu. Jioni ya siku ya pili alirudi mmoja. Gavrila alisimama kwenye mlango wa Padri Mitrofan, barafu kwenye nyusi, hakuvua kofia, hakuingia. Evdokia alikuwa anashona karibu na taa. Gavrila akasema, "Baba, barafu imekatika. Imemchukua. Nilikuwa upande huu, yeye upande ule." Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema, na kwa hilo pekee mimi sitamhukumu kamwe. "Niliona, Baba. Asubuhi. Chini ya anga, upande wa kusini, kulikuwa na weusi." Kwetu hata mtoto anajua weusi ule ni kitu gani: ni kivuli cha maji yaliyofunguka, ni barafu inayojiandaa kuondoka. "Niliona, nikanyamaza. Yeye ni mkubwa kwangu. Nikafikiri, nikisema, ataniimbia ule wimbo mpaka kiangazi. Nikafikiri, kama ni kweli, na yeye si anaona?"

Evdokia aliweka sindano chini. "Uliona?" akasema. "Uliona, ukanyamaza?"

"Shangazi..."

"Usiniite shangazi. Toka mlangoni pangu. Mkono wako usinipe kitu tena, si nyama, si kuni, si maji, mpaka nizikwe."

Msomaji asiyeishi kwetu huenda asione uzito wa kiapo hicho. Kwetu mwindaji hali sili wake peke yake. Sili akishachunwa, mafungu yanatembea nyumba kwa nyumba, na mikono inayopokeana ndiyo kamba inayotushikilia tusipotee kwenye baridi. Kukataa nyama ya mtoto wa kaka yako ni kumwambia amekufa. Wakamtafuta Nikifor siku tisa. Hawakupata hata fimbo yake ya barafu. Gavrila hakuenda tena baharini; alimpa mtu mwingine chusa yake, akawa anakaa, hasemi. Watu nao hawakukosa la kusema: wengine kwamba aliogopa, wengine kwamba alimwacha makusudi. Qikertaq ikagawanyika, wa huku hawapiti kule, na kwa mara ya kwanza tangu kanisa lijengwe watu walisimama ndani yake kwa pande mbili.

Na Padri Mitrofan? Tusimpake rangi za dhahabu mtu ambaye hakuzihitaji. Alihuzunika kama baba yeyote, na alikasirika. Alisoma ibada zote kwa sauti ile ile, lakini akimpita Gavrila njiani, macho yake yalikuwa yanatazama mto. Baadaye alimwambia Parascovia, binti yake, "Siku zile nilikuwa nasema Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe, nakohoa."

Siku ya arobaini na tatu, watu wakiwa wamekwisha kuhamia kambi ya samaki, Agrafena alijifungua mtoto wa kike kwenye hema lao la mwisho kabisa, kando ya matete. Ndipo kambi nzima iliposhika pumzi. Desturi yetu ni ya zamani kuliko kanisa, na kanisa halikuivunja: jina la aliyekufa hupewa mtoto wa kwanza atakayezaliwa baada yake, awe wa kiume au wa kike. Mtu wa karibu wa marehemu humdondoshea mtoto maji mdomoni, humwita kwa jina lile, na tangu hapo mtoto ni wao. Mama wa marehemu ni mama yake, baba ni baba yake. Mtoto wa kwanza baada ya Nikifor alikuwa huyu, wa Gavrila. Na Gavrila hakuthubutu kuliomba jina hilo. Siku moja ikapita, siku ya pili, siku ya tatu. Mtoto hana jina, analia, hashiki ziwa vizuri, na vikongwe wanatikisa vichwa, kwa sababu kila mtu anajua mtoto analilia nini. Parascovia pia alikuwa mjamzito, amebakiza mwezi. Baadhi ya watu wakasema, wangoje tu, jina liende kwa mjukuu. Hakuna ambaye angewalaumu.

Asubuhi ya siku ya nne Mitrofan alichukua shoka, akaanza kupasua magogo yaliyoletwa na mto. Alipasua mpaka mchana, akapasua mpaka jua likashuka upande wa tundra, ule uwanda wa baridi usio na miti, kuni za kutosha nyumba tatu, na kilio cha mtoto kilikuwa kinamfikia muda wote, maana kambini hakuna ukuta. Hatimaye akaegemeza shoka, akaenda kwa Evdokia aliyekuwa anapasua samaki.

"Mama Nikifor, mtoto wa kwanza ni yule."

"Jina la mwanangu haliingii hema lile."

"Jina si letu. Ni la anayekuja kwanza."

"Wewe mpelekee," alisema Evdokia, bila kuinua macho. "Una moyo wa padri. Mimi nina moyo wa mama, na umejaa."

Hakubishana naye, na hakumkemea, siku ile wala siku nyingine. Alichota maji ya mto kwa kikombe, akapita katikati ya kambi, na watu wakaacha visu vyao wakatazama. Aliinama akaingia hemani. Agrafena akamwinua mtoto. Mitrofan alichovya kidole, akamdondoshea maji mdomoni, akasema, "Nayamin. Umerudi. Ulikuwa na kiu, mwanangu? Kunywa." Mtoto akanyamaza, akalamba, akanyonya kidole cha padri. Na yule mzee, aliyesimama makaburini mwa watu wengi bila kulegea, alikaa chini kwenye sakafu ya matete akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia siku arobaini na saba.

Kisha akamgeukia Gavrila. "Sasa wewe unamlea mwanangu. Nami nitakula kwako." Akala pale pale, samaki wa kuchemsha, mpaka mfupa. Alipokuwa anaondoka akampa kitubio, na ni kitubio ambacho hakimo kwenye kitabu chochote: "Utarudi baharini. Na ukiona, sema. Wakicheka, wacheke. Wewe sema."

Mtoto alibatizwa Elizaveta, lakini hakuna anayemwita hivyo; wote humwita Nayamin. Padri alimwita mwanangu, akamlea kama alivyomlea wa kwanza; alimfundisha usukani, nyavu na bunduki. Watu walimtania, "Padri, mwanao anahitaji gauni!" Naye: "Mwanangu anahitaji risasi. Gauni mtampa ninyi mnaolipenda." Evdokia alijizuia miaka mitatu. Siku moja kile kitoto kikaingia mlangoni kwake bila kualikwa, kikakaa mahali pale pale alipokuwa akikaa Nikifor, kikasema, "Mama, nina njaa." Basi, akaishiwa nguvu. Jioni hiyohiyo alianza kumshonea viatu. Ila kwa Gavrila hakulegea. Gavrila alikuwa amerudi baharini, na kila alipopata sili alileta fungu la shangazi yake. Evdokia alikuwa akisema kutoka ndani, "Weka hapo chini." Gavrila aliweka beseni kizingitini, akaondoka, ndipo Evdokia alipotoka kuliokota, asije akapokea mkononi mwake kinyume cha kiapo. Miaka nenda, miaka rudi, hivyo hivyo. Mitrofan aliona, akamwombea. Alipoulizwa kwa nini hamwamuru mkewe, alijibu, "Barafu haiamriwi kuyeyuka."

Mnamo Aprili 1967 walitoka wanaume kumi na mmoja, padri akiwa mmoja wao, na kitubio kile kikazaa. Walikuwa wameshaona sili, wote wameshikwa na tamaa ya kuendelea, Gavrila akasimamisha mbwa wake, akapaza sauti. "Kusini kuna weusi! Turudi!" Wakatazama, wengi hawakuona kitu. Mmoja akaanza kuimba: "Gavrila akiona kiwingu..." Padri Mitrofan hakutazama hata anga. Aligeuza mbwa wake kichwa kwa mkia, akaanza safari ya kurudi, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwacha padri aende peke yake, walimfuata wakinung'unika. Walikuwa wamekwisha kukanyaga nchi kavu walipousikia mpasuko. Kipande chote walichokuwa wamesimama juu yake, chenye upana wa vijiji viwili, kiliondoka taratibu kuelekea baharini. Wanaume kumi na mmoja walirudi nyumbani, na watoto wao leo wanasimulia. Siku hiyo hakuna aliyemwimbia Gavrila, na tangu siku hiyo wimbo ule haujaimbwa Qikertaq.

Alilala katika Bwana mwezi wa Julai, mwaka 1978, kambini alikozaliwa, akiwa na miaka sitini na saba. Alikuwa amevuta wavu wa mwisho pamoja na Nayamin, akasali sala ya jioni, akasema amechoka kidogo. Walipomwosha, mikono yake ilikuwa inanuka samaki na ubani, na wale walioifunga juu ya msalaba wanaapa kwamba harufu hiyo haikutoka kwenye vitambaa hata baada ya kufuliwa. Wanawake wenye uchungu mgumu huomba kwa jina lake na kupata wepesi. Mwaka mto ulipofurika ukala makaburi ya upande wa chini, maji yalifika kwenye msalaba wake yakasimama, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Tunajivunia, ndiyo. Mtu huyu alikuwa wa kwetu, hakutoka kwa watu wengine, na alikwenda kwa Mungu kwa njia yetu wenyewe, ya mbwa na mtumbwi.

Waamini wa mbali huuliza jinsi ya kumwiga, wao wasio na bahari ya barafu wala sili. Waangalie alichokiacha nyumbani mwake mwenyewe. Wiki tatu baada ya maziko, matunda ya tundra yakiwa yameiva, Parascovia alijifungua mtoto wake wa mwisho, mvulana. Alikuwa wa kwanza kuzaliwa baada ya padri, na kila mtu alijua anayekuja ni nani. Hema likajaa hadi nje. Ilikuwa kazi ya mjane kumpa jina. Evdokia, mwenye miaka sitini na minne sasa, alishika kikombe cha maji, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akawatazama watu, mpaka akampata yule aliyesimama nje, nyuma ya wote, kama alivyozoea.

"Gavrila," alisema. "Mwanangu, njoo ndani. Mpe mume wangu maji."

Watu wakampisha. Gavrila aliingia ameinama, akachukua kikombe, akadondosha, akaita kwa sauti iliyokatika, "Anguyaluk. Umerudi." Mtoto akameza. Gavrila akabaki na kikombe mkononi, hajui akiweke wapi, akaanza kuinama akiweke chini kama alivyofanya miaka kumi na saba kwenye kizingiti cha shangazi yake. Evdokia akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea kutoka mkononi mwake, akanywa yaliyobaki.